Tufe la Chuma la New York na Watu Waliolisimamisha

Juma hili ukurasa wetu unawachukua mbali hadi mji wa New York katika nchi ya Marekani. Huko, katika mtaa wa Queens, iko bustani kubwa ya watu wote iitwayo Flushing Meadows–Corona Park, na katikati ya bustani hiyo limesimama tufe la dunia lililoundwa kwa chuma cha pua, ambalo kwenda juu ni sawa na nyumba ya ghorofa kumi na mbili. Wenyewe huliita Unisphere. Yamkini wengi wenu mmekwisha kuiona sura yake bila ya kujua jina lake, kwa sababu mashindano makubwa ya tenisi ya Marekani yamekuwa yakichezwa katika bustani hiyohiyo tangu mwaka 1978, na wapiga picha za televisheni hawachoki kulionyesha.

Nilikusudia kuwaandikieni habari za vipimo vyake tu, jinsi lilivyo refu na zito, maana hayo ndiyo mambo wapendayo watoto. Lakini kila nilipozidi kuisoma habari yake niliona kwamba chuma ni sehemu ndogo. Katika kiwanja hicho kimoja wamo askari polisi wawili waliokufa kazini, wamo wajane wa mafundi, na wamo wajumbe wa mataifa waliokata shauri ambalo mpaka leo linawatoa askari majumbani mwao. Kwa hiyo vipimo vitangoja kidogo.

JAA LA MAJIVU

Mahali penyewe hapakuwa na sifa. Mwanzoni mwa karne iliyopita palikuwa kinamasi, kisha pakawa jaa. Nyumba za Brooklyn zilikuwa zikipashwa joto kwa makaa ya mawe, na majivu yake yalisombwa kwa gari moshi usiku na mchana yakaja kumwagwa hapo Corona, hata yakawa vilima. Kimoja kilikuwa kirefu kiasi cha watu kukipa jina kwa dhihaka wakakiita Mlima Corona. Mwandishi F. Scott Fitzgerald alilitia jaa hilo katika kitabu chake The Great Gatsby kilichotoka mwaka 1925, na wasomaji wa Kiingereza mpaka leo wanalijua kwa kitabu hicho.

Mtu aliyeliondoa jaa aliitwa Robert Moses, mkuu wa bustani za mji, mtumishi wa serikali mwenye nguvu kupita mawaziri wengi na mwenye maadui wengi vilevile, kwa kuwa alipotaka kupitisha barabara hakuuliza nani anakaa hapo. Yeye alitaka bustani. Fedha hazikuwapo. Basi palipotokea shauri la kufanya Maonyesho ya Dunia mwaka 1939, alisema yafanywe palepale penye majivu, ili gharama za kusawazisha ardhi zibebwe na maonyesho, naye aje kurithi uwanja.

TUFE LA KWANZA

Maonyesho hayo ya 1939 nayo yalikuwa na tufe lake, na hili wengi hawalijui. Liliitwa Perisphere. Lilikuwa jeupe, pana karibu mita 55, mifupa yake ya chuma na ngozi yake ya mbao za jasi, na kando yake palisimama mnara mwembamba mithili ya sindano wenye kimo cha mita 186 hivi. Watu waliingia ndani ya tufe wakatazama chini, wakaona mfano wa mji wa siku zijazo: barabara pana, bustani, na viwanda vilivyotengwa mbali na makazi. Jina la maonyesho yote lilikuwa Dunia ya Kesho.

Yalifunguliwa tarehe 30 Aprili 1939. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo majeshi ya Ujerumani yaliingia Poland. Yalipofunguliwa tena kwa msimu wa pili mwaka 1940, jumba la Warusi lilikuwa limekwisha kubomolewa, majumba ya Poland na Chekoslovakia yalikuwa wazi ingawa nchi zenyewe zilikuwa chini ya majeshi ya kigeni, na wenye maonyesho walikuwa wamebadili wito wao ukawa wa Amani na Uhuru. Nadhani hakuna aliyedanganyika kwa maneno hayo.

Tarehe 4 Julai 1940, sikukuu ya uhuru wa Marekani, uwanja ulijaa watu na watoto wao. Katika jumba la Waingereza fundi wa umeme aliona mkoba mdogo umewekwa katika chumba cha mitambo ya hewa, nao ulikuwa ukitoa mlio kama wa saa. Mkoba ukatolewa nje, ukapitishwa katikati ya umati usiojua lolote, ukapelekwa nyuma ya jumba la Poland karibu na ua wa kiwanja ambako hapakuwa na watu. Wakaitwa wapelelezi wawili wa kikosi cha mabomu cha polisi wa New York, Joseph Lynch na Ferdinand Socha.

Ndugu zetu wa polisi watanielewa nisemapo kwamba siku zile hapakuwa na mavazi ya kinga wala mashine ya kutumwa mbele badala ya mtu. Palikuwa na mtu, macho yake na mikono yake. Walipoinama kuuchunguza, mkoba ukalipuka. Wote wawili walikufa papo hapo, na wenzao waliokuwa wamesimama karibu wakajeruhiwa. Aliyeuweka hakupatikana mpaka leo.

Jioni ile maonyesho hayakufungwa. Watu waliendelea kula aiskrimu na kupanda bembea, na wengi walipata habari kwa magazeti kesho yake. Silisemi hili kuwalaumu. Kama mkoba ungeachwa mahali ulipokutwa, hesabu ya waliokufa ingekuwa nyingine kabisa, na hao waliokula aiskrimu wasingejua walikoponea.

Baada ya msiba huo kikosi cha mabomu kilitengenezwa upya. Likabuniwa lori la kuchukulia mabomu ambalo mgongoni lilikuwa na kitu kama tenga kubwa lililosukwa kwa kamba nene za chuma, ili bomu likilipuka ndani yake nguvu zake zivunjwe na msuko na vipande visiwafikie watu. Lilipewa jina la meya wa wakati huo, Fiorello La Guardia, pamoja na jina la afisa wa polisi aliyelifikiria. Wapelelezi wenyewe wana kibao cha ukumbusho katika bustani.

Maonyesho yakafungwa Oktoba 1940. Tufe jeupe na mnara wake vikabomolewa, na chuma chake kikapelekwa kuyeyushwa kwa ajili ya silaha.

WAJUMBE WANAKUJA

Lilibaki jengo moja la maana, lile la mji wa New York wenyewe. Vita vilipokwisha, Umoja wa Mataifa haukuwa na nyumba ya kukaa, na kuanzia mwaka 1946 hadi 1950 Baraza Kuu lilifanya mikutano yake katika jengo hilo. Desemba 1946 baraza liliunda shirika la watoto tunalolijua kwa jina la UNICEF, ambalo kina mama wengi wanaosoma ukurasa huu wamekwisha kuiona alama yake kwenye kadi au masanduku ya chanjo. Tarehe 29 Novemba 1947, katika jengo hilohilo, baraza lilipiga kura juu ya kuigawa Palestina: 33 waliunga mkono, 13 walipinga, 10 hawakupiga upande wowote. Mwaka uliofuata vita vilizuka huko, na Umoja wa Mataifa ukapeleka waangalizi wake wa kwanza wa kijeshi. Askari wa nchi zetu ambao baadaye walivaa kofia za rangi ya samawati walifuata njia iliyofunguliwa na hao.

Jambo moja la kukumbuka. Umoja wa Mataifa ulipoanzishwa mwaka 1945 ulikuwa na wanachama 51, na kutoka bara letu lote walikuwa wanne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, na hiyo ya mwisho ilikuwa mikononi mwa Wazungu wachache. Sisi wengine tulizungumzwa na waliotutawala.

TUFE LA PILI

Moses hakuwa ameipata bustani yake kamili, kwani maonyesho ya 1939 yaliishia katika hasara. Akangoja robo karne. Yalipoitishwa Maonyesho ya Dunia ya 1964 na 1965, yeye ndiye aliyekuwa rais wake, na safari hii alitaka kitu cha katikati ambacho hakitabomolewa. Wito uliochaguliwa ulikuwa Amani kwa Njia ya Kuelewana.

Mchoro ulitoka kwa Gilmore D. Clarke, mtaalamu wa kupanga bustani, ambaye ndiye aliyekuwa amepanga njia za maonyesho ya kwanza pia. Kampuni ya United States Steel ikakubali kulitengeneza na kulitoa kama zawadi, bila shaka kwa kujua kwamba tangazo la bure la namna ile halitapatikana tena. Msingi haukuchimbwa mwingine: nguzo zilizopigiliwa ardhini kulibeba lile tufe jeupe lililoyeyushwa, juu yake ndipo lilipowekwa tufe jipya.

Na sasa vipimo. Upana wa tufe ni mita 36 na nusu, na kutoka chini hadi kileleni ni karibu mita 43. Uzito wake unapita tani 300. Limeinama kwa nyuzi 23 na nusu, kama dunia yenyewe ilivyoinama. Bahari hazikuwekwa kitu. Ni hewa tupu, na mistari ya latitudo na longitudo ndiyo mifupa inayoshika mabara yasianguke. Linalizungukwa na pete tatu, nazo husemwa kuwa ni njia ya Yuri Gagarin wa Urusi aliyeizunguka dunia Aprili 1961, njia ya John Glenn wa Marekani aliyeizunguka Februari 1962, na njia ya setilaiti iitwayo Telstar ya mwaka huohuo. Chini yake kuna bwawa la duara lenye upana wa mita 94 na chemchemi zirushazo maji juu, zilizowekwa ili mtazamaji aone kama kwamba tufe linaelea.

Mimi ni mwalimu kwa mafunzo, ingawa siku hizi kazi yangu ni ya mafaili, kwa hiyo mtaniwia radhi nikipiga hesabu kidogo. Kwa kipimo cha tufe hilo, kilometa moja ya ardhi ni milimita tatu kasoro kidogo. Kutoka Kampala hadi Dar es Salaam, arukavyo ndege, ni mita tatu na kitu: askari wa gwaride angezimaliza kwa hatua nne. Mlima Kilimanjaro, kwa kipimo cha haki, usingefika sentimita mbili. Ndiyo maana mafundi hawakufuata haki katika milima. Walipandisha bamba juu ya bamba ili safu zionekane kwa mtu aliyesimama chini, la sivyo Himalaya yenyewe isingeonekana. Pete nazo zimetiwa chumvi, kwa sababu Gagarin hakupanda zaidi ya kilometa 330 hivi kutoka ardhini, na hiyo juu ya tufe ingekuwa pungufu ya mita moja.

Lakini kazi ngumu kuliko zote haionekani kwa macho, nami naielewa kwa sababu ya aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa chuo cha ualimu tuliagizwa kila mmoja atengeneze tufe la kufundishia. Nilitumia magazeti ya zamani na uji wa muhogo, nikafinyanga milima kwa udongo, na kwa kupenda sifa nikaijaza Asia milima mingi. Nilipolitia kwenye mhimili likazunguka mara mbili, likasita, kisha likarudi nyuma, Asia chini na bahari juu. Nikalizungusha tena, likafanya vilevile. Mkufunzi alisimama akaliangalia kwa muda mrefu, akasema, “Mwalimu, dunia yako imelewa.” Darasa zima lilicheka, na jina la Mlevi lilinifuata mpaka siku ya kupokea cheti.

Basi dunia ndivyo ilivyo. Nchi kavu haikugawanywa sawasawa. Upande mmoja umebeba Asia, Ulaya na Afrika, na upande wa Pasifiki ni maji matupu. Ukiijenga kwa chuma, upande mmoja unavuta. Zaidi ya hayo upepo hupita bila kizuizi penye bahari, lakini penye bara hukuta bamba kubwa lililopinda, ukalisukuma kama tanga la jahazi. Wahandisi walilazimika kujua kila ubavu wa chuma utabeba nini katika kila upepo, na kwa baadhi ya maswali hayo walikuwa na milinganyo 670 ya kutatuliwa kwa pamoja. Walitumia kompyuta, katika siku ambazo kompyuta ilikuwa kitu cha kujaza chumba. Chuma chenyewe ni cha pua kisichoshika kutu, na hakikupakwa rangi.

MAFUNDI NA WAKE ZAO

Kulisimamisha kulichukua siku 110 katika mwaka 1963. Miongoni mwa waliopanda juu walikuwamo Wamohawk, Wahindi Wekundu kama walivyoitwa zamani, wenyeji wa Kahnawake karibu na Montreal katika Kanada. Hao walianza kazi ya chuma mwaka 1886, lilipojengwa daraja la gari moshi kuvuka mto St. Lawrence katika ardhi yao. Waliajiriwa kubeba mawe na vifaa, lakini vijana wakawa wanapanda juu kwenye mihimili kutazama, na wasimamizi wakaona kwamba wanatembea huko bila ya kubabaika. Tangu hapo majengo marefu mengi ya New York yaliinuliwa kwa mikono yao. Watu husema hawaogopi urefu. Wenyewe wamesema mara nyingi kwamba wanaogopa kama mtu mwingine yeyote, ila wanajua kuishi na hofu hiyo.

Mwaka 1907 daraja lililokuwa likijengwa karibu na mji wa Quebec lilianguka mtoni. Walikufa wafanyakazi 75, na kati yao 33 walikuwa watu wa Kahnawake, kijiji kimoja. Pimeni wenyewe, akina mama mnaokaa makambini mnaojua maana ya habari mbaya kufika kwenye nyumba nyingi kwa siku moja. Makaburi yao yaliwekewa misalaba iliyotengenezwa kwa mihimili ya chuma. Nao wanawake wa kijiji, kama inavyosimuliwa, walikata shauri: hawakuwakataza waume zao kazi ya chuma, kwa maana ndiyo iliyolisha watoto, lakini walitaka wasiende tena wote kwenye kazi moja. Watawanyike, wengine huku na wengine kule, ili siku ikifika isiwachukue wote. Ndiyo sababu mojawapo ya mafundi hao kuenea mbali, na wengi kuhamia Brooklyn pamoja na jamaa zao.

Tufe lilipokuwa tayari liliwekewa taa ndogo mahali pa miji mikuu ya mataifa, ili usiku iwake juu ya mabara. Mafundi wa Kimohawk waliomba jambo moja, nalo likakubaliwa. Katika Kanada, kando ya mto St. Lawrence, ikawekwa taa moja mahali ambapo hapana mji mkuu wa serikali yoyote. Ni Kahnawake.

SIKU YA KUFUNGULIWA

Maonyesho yalifunguliwa tarehe 22 Aprili 1964. Wasomaji wenye kumbukumbu nzuri wataikumbuka tarehe hiyo kwa jambo jingine, maana siku hiyohiyo, huko Zanzibar, Mwalimu Julius Nyerere na Mzee Abeid Karume walitia sahihi Hati za Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Hizi ni habari mbili zisizojuana, lakini zinaonyesha jinsi ramani ilivyokuwa ikibadilika siku zile. Mwandikaji wa vitabu vya jiografia alikuwa hana usingizi. Bara letu lililokuwa na wanachama wanne katika Umoja wa Mataifa sasa lilikuwa na zaidi ya thelathini, Uganda ikiwamo tangu Oktoba 1962. Kwenye tufe, hata hivyo, hapakuhitajika kubadilishwa kitu, kwa sababu mabara yake hayakuchorwa mipaka.

Nchi 24 za Afrika zilishirikiana katika jumba moja, na wapiga ngoma wa Burundi walikuwapo, wakazipiga zile ngoma kubwa wanazokuja nazo vichwani. Serikali nyingi kubwa za Ulaya hazikufika, kwa kuwa ofisi ya Paris inayosimamia maonyesho ya namna hiyo haikuyakubali haya. Nafasi zao zilijazwa na makampuni ya magari, umeme na vinywaji.

Rais Lyndon Johnson alikuja kuhutubia. Wakati huo Wamarekani weusi katika majimbo ya kusini walikuwa bado wakifukuzwa kwenye mikahawa na kuzuiwa kupiga kura, na hata New York kwenyewe walinyimwa kazi na nyumba. Vijana wa chama cha CORE walipaza sauti katikati ya hotuba yake. Wengine walikaa chini milangoni mwa majumba, na polisi wakawabeba mmoja mmoja. Waliokamatwa walikuwa mamia, pamoja na kiongozi wao James Farmer. Palikuwa na baridi na mvua. Hivyo chini ya tufe la kuelewana, siku yake ya kwanza, walisimama watu waliokuja kuuliza kuelewana huko ni kwa nani. Sheria ya haki za raia ilitiwa sahihi na Johnson huyohuyo tarehe 2 Julai mwaka ule, wiki kumi baadaye.

Walitazamiwa watu milioni 70. Walikuja kama milioni 51, na maonyesho yakafungwa Oktoba 1965 kwa hasara, sawa na yale ya kwanza. Majumba mengi yakabomolewa. Tufe likabaki.

BAADA YA SHEREHE

Kubaki si kutunzwa. Miaka ya sabini mji wa New York ulikaribia kufilisika, maji ya chemchemi yakafungwa, bwawa likakauka, na vijana wakalijaza maandishi ya rangi. Mnara wowote hupata siku kama hizo: aliyeuzindua amekwisha kwenda zake, na fungu la kuufagia halimo katika makisio. Chuma chenyewe hakikuoza. Mwaka 1993 na 1994 lilisafishwa na kuimarishwa, mwaka 1995 likaandikwa rasmi kuwa kumbukumbu ya mji isiyobomolewa, na mwaka 2010 chemchemi zilizokuwa zimetengenezwa upya zikafunguliwa. Jengo walilokutania wajumbe wa mataifa bado lipo hatua chache kutoka hapo, nalo ni jumba la makumbusho la Queens.

Mtaa wenyewe umebadilika kuliko tufe. Queens leo ni miongoni mwa mahali palipo na lugha nyingi kabisa duniani. Siku ya Jumapili wakati wa joto utawakuta Waekwado wakicheza mpira wa wavu, Wahindi na Wabangladeshi wakicheza kriketi, Wameksiko wakiuza mahindi ya kuchoma, na maarusi wakipigwa picha na tufe nyuma yao. Watoto huingia kwenye manyunyu ya chemchemi nguo zikiwa mwilini, na mama zao huwapigia kelele kwa lugha zote hizo.

KWA WAZAZI WENYE WATOTO WA SHULE

Wanaotaka kuwatengenezea watoto tufe lao nyumbani hawahitaji kampuni ya chuma. Chukua mpira wa mtoto, uupake mafuta kidogo. Pika uji mzito wa muhogo usio na sukari, ukipoa uchovye vipande vya gazeti na kuubandika mpira wote, tabaka sita, kila tabaka likauke juani kabla ya lile la pili. Likiisha kukauka kabisa, likate katikati kwa wembe pande zote, utoe mpira. Kabla ya kuunga vipande viwili, chomeka spoki ya baiskeli kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini, na upande wa ndani ambako itakuja Pasifiki bandika donge la udongo wa mfinyanzi ukubwa wa yai la kuku. Hili donge ndilo ambalo mimi sikuliweka. Funga kwa tabaka mbili za gazeti, chora mabara kwa kukopi ramani ya shule, paka bahari buluu, na milima uitie kwa kiasi. Kisha inamisha spoki kidogo, uizungushe. Likisimama kila mara mahali pengine, limekaa sawa. Likirudi daima Asia ikiwa chini, toboa tundu dogo katika Pasifiki uongeze udongo.